Kutoka mwisho wa reli hadi mwisho wa reli

Tangu nirudi kutoka Korea Kusini naulizwa swali lile lile: "Bwana, Korea kukoje?" Nimeshatengeneza jibu la kukariri. Maghorofa, treni, baridi, pilipili. Watu wanacheka, tunahamia kwenye Simba na Yanga. Leo nataka kutoa jibu lenyewe, lile lisilotosha kwenye salamu za kupita njiani. Jibu lenyewe ni dagaa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nilitoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikavuka bahari, nikaenda kusimama nimeduwaa mbele ya meza ya dagaa.

Kwanza tujuane. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Mama yangu amekuwa akifanya biashara ya dagaa tangu kabla sijaanza shule. Anayeijua mialo ya Kibirizi na Katonga anaijua kazi yenyewe. Mitumbwi inaingia Ziwa Tanganyika jioni, usiku wa giza, taa zinawashwa ili dagaa wapande juu kufuata mwanga. Ukisimama ufukweni utadhani kuna mji mwingine umejengwa katikati ya maji. Mbalamwezi ikiwaka kazi inasimama. Alfajiri mitumbwi ikirudi akina mama wanagombania ndoo, wanaanika mchangani au kwenye chanja, wanapindua, wanafukuza kunguru, wanachungulia mawingu. Mvua ya nusu saa inaweza kula mtaji wa wiki nzima. Ada yangu ya sekondari, sare zangu, kompyuta ya mtumba niliyoingia nayo chuo kikuu, vyote vilitoka pale mchangani.

Sasa niungame. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam, mama alinitumia mfuko wa dagaa kwa mtu aliyekuwa anakuja na treni. Dagaa wazuri, wale wanaong'aa kama fedha, aliowachambua mwenyewe. Jioni ile wenzangu chumbani wakaanza: nani kaleta harufu? Mmoja akajibu, "Mrundi kapokea mzigo wake." Wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao. Kesho yake asubuhi niliubeba ule mfuko nikampa mama lishe mmoja nje ya geti, bure kabisa. Usiku nikampigia mama simu nikamwambia dagaa wametamba, wenzangu wamewamaliza kwa siku moja. Alifurahi sana, akaahidi kutuma wengine. Hadithi hiyo sikuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Anayetoka Kigoma analijua hilo neno, Mrundi. Hakuna ubaya wowote kuwa Mrundi. Hao ni ndugu zetu, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Bujumbura iko karibu nasi kuliko Dar. Ubaya ni kwamba likitamkwa kwa mtu wa Kigoma lina maana ya "wewe si wa hapa". Nilipopata mwaliko wa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari nchini Korea, Oktoba 2024, mzaha wa kwanza kazini ulikuwa, "Pasipoti utapewa na nchi gani?" Pasipoti niliipata bila tatizo lolote. Lakini nilikwenda kuiomba nimebeba hadi kadi ya TANU ya marehemu babu, ambayo hakuna aliyeniuliza. Hofu ilikuwa imeshajenga nyumba ndani yangu mwenyewe.

Kwa nini nilitaka sana kwenda Korea na si kwingine? Kizazi chetu kinajua. Mimi Korea niliijulia kwenye kibanda umiza. Nikiwa darasa la tano, la sita hivi, Ujiji nzima ilikuwa inamfuata Jumong. Tamthilia ina sehemu 81, ilitengenezwa huko kwao mwaka 2006, lakini sisi ilitufikia kwenye santuri za wamachinga na sauti ya mtafsiri iliyompa mwana wa mfalme maneno ya kijiweni. Tulitengeneza pinde za mianzi. Kulikuwa na mtoto mtaani kwetu aliyeitwa Deso, kwa sababu ya ubaya wake. Baadaye wakaja wadogo zetu wa kike na BTS, nao wakawa wanaandika Kikorea kwenye daftari za Kiswahili.

Na kuna Korea nyingine ambayo watu wa Kigoma tumeipanda kwa magurudumu. Ukitoka Tabora kuja kwetu kwa barabara unavuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Daraja hilo lilijengwa kwa mkopo nafuu wa Korea Kusini na likafunguliwa mwaka 2015. Kwa hiyo usidhani mtoto wa Ujiji na Seoul ni mbingu na ardhi.

Basi bwana, nikafika Incheon. Ofisa wa uwanjani akafungua pasipoti yangu, akaniambia niweke vidole kwenye mashine, akanitazama, akanirudishia. Kwake mimi nilikuwa Mtanzania, nukta. Hakuna swali la pili, hakuna "Mtanzania wa wapi?" Nilitembea hatua kama ishirini ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika mfuko wa koti, nikitafuta kadi ya babu.

Seoul sitaisimulia sana, picha zake ziko kila mahali. Nitasema mawili tu. La kwanza ni aibu yangu. Siku ya pili tulipelekwa kwenye kasri la Gyeongbokgung, lililojengwa mwaka 1395. Vijana wamejaa, wamevaa mavazi yao ya asili, hanbok, kwa sababu anayeyavaa anaingia bure. Nikamvuta kijana aliyekuwa anatuongoza, nikamuuliza kwa heshima zote, "Kiti cha Jumong kiko upande gani?" Alicheka mpaka akainama. Kumbe kasri lile ni la wafalme wa Joseon. Ufalme wa Jumong, Goguryeo, ulianza zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, na sehemu kubwa ya ardhi yake leo iko Korea Kaskazini na China. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza kitu kilichonigusa: "Nyumbani kwenu watoto wanamjua Jumong?" Nikamwambia wanamjua kuliko Mirambo. Nilisema kwa mzaha, lakini nilipolala usiku ule mzaha ulinigeukia.

La pili ni heshima. Mkorea akikutana nawe haichukui dakika kabla hajataka kujua umri wako. Mwanzoni niliona ni utovu wa adabu. Kumbe anatafuta jinsi ya kukuamkia! Lugha yao inabadilika kufuatana na nani mkubwa. Mdogo anainama, anamimina kinywaji kwa mikono miwili, anapokea kwa mikono miwili. Jamani, hiyo si shikamoo? Ujiji ukipokea kitu cha mtu mzima kwa mkono mmoja utazabwa kofi na jirani kabla mama yako hajafika. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na watu wa kisasa waliosahau kwao. Nikakuta watu wenye simu za kisasa kuliko zangu wanaoinamia wazee kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye chakula, maana huko ndiko nilikokuwa nakupeleka. Mimi ni Mwislamu, na Korea nguruwe amejificha kila mahali, kwenye supu, kwenye maandazi ya mvuke, kwenye mchuzi usioutegemea. Siku mbili za kwanza niliishi kwa wali na mayai. Siku ya tatu nikapanda treni ya chini ya ardhi hadi Itaewon, kwenye msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976. Nikaswali, nikala wali na kuku kwenye mgahawa wa jirani, machozi yakanilengalenga. Baada ya hapo nikajiwekea sheria: samaki, mboga, basi. Sheria hiyo ndiyo iliyonifundisha Korea kuliko semina zote.

Ukila mboga Korea unakula kimchi. Ni kabichi, chumvi, pilipili, kitunguu saumu, na mara nyingi samaki wadogo waliochachushwa, vinaachwa viive vyenyewe. Mara ya kwanza nilisema hiki kimeharibika. Mara ya tano nikaanza kukitafuta mwenyewe. Mwanzo wake ni chakula cha kuvushia kipupwe, pale mboga mbichi zinapokuwa hakuna. Sasa tazama walichokifanya. Wana friji maalumu za kimchi, mbali na friji ya kawaida. Mwaka 2013 utamaduni wao wa familia na majirani kukusanyika na kutengeneza kimchi ya msimu wa baridi uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Pale mtaa wa Insadong kuna makumbusho yake. Nimeingia. Watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama kabichi!

Nikiwa mle ndani nilikumbuka makumbusho yetu ya Ujiji. Kila mtoto wa Kigoma ameshapelekwa pale. Panasimulia jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871, na mwembe upo, na sanamu za wazungu wawili wakisalimiana zipo. Sina ugomvi na Livingstone, marehemu alipata shida nyingi. Lakini Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, mji wa watu wa kila namna, wenyeji, Waswahili, Wamanyema, Waarabu, watumwa na waliowauza. Mgonjwa yule alikuwa anakula kwa nani? Nani alimpikia? Samaki gani? Kinachowaleta wageni Ujiji ni wageni wawili walioamkiana kwetu. Wenye nyumba hatumo kwenye sanamu.

Wiki ya pili tulipewa siku mbili za mapumziko. Wenzangu walibaki Seoul kununua vipodozi vya dada zao. Mimi nikapanda treni ya kasi kwenda Busan. Ni zaidi ya kilomita 400, nikatumia saa mbili na dakika chache za juu. Nilikuwa nimebeba karanga na maji kama msafiri wa Kigoma kwenda Dar, nikafika hata karanga sijazimaliza. Wanaojua treni yetu ya zamani, ile ya kulala njiani, wataelewa kwa nini nilibaki nimekaa kwenye kiti hadi mfagizi akanigusa bega.

Busan ni mwisho wa reli. Hilo jina tunalijua sisi, Kigoma mwisho wa reli. Reli yetu ilifika ziwani mwaka 1914 chini ya Wajerumani. Reli ya Seoul hadi Busan ilifunguliwa mwaka 1905, na waliojenga ni Wajapani, ambao miaka mitano baadaye waliitwaa nchi nzima wakaitawala hadi 1945. Reli zote mbili zilijengwa na wenye kutaka kufika kwenye maji na kubeba vitu. Mwenye nyumba hakuulizwa, si huku wala kule. Mimi nilikuwa nimekua nikiamini kwamba kuwa mwisho wa reli maana yake ni kuwa nyuma ya wote. Nikatoka kituoni nikakuta mwisho wa reli una bandari kubwa kuliko zote Korea.

Nikaenda moja kwa moja Jagalchi, soko la samaki. Siwezi kueleza harufu ile. Ni Kibirizi! Maji yanatiririka sakafuni, mabuti ya mpira, kelele, na wauzaji karibu wote ni wanawake wa makamo, wanaowaita ajumma. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, wanawake wengi walioachwa bila kitu waliingia kwenye biashara ile, na sifa yao ya ukali na bidii imebaki hadi leo. Nilipita kwenye pweza, kwenye kaa, kwenye vitu ambavyo sikujua kama ni mnyama au mmea. Halafu nikafika upande wa samaki wakavu. Nikasimama.

Dagaa. Dagaa tupu. Wao wanawaita myeolchi, ni dagaa wa baharini, si ndugu wa damu wa dagaa wetu ila ni wa ukoo mmoja mpana. Walikuwa wamepangwa kwa saizi. Wadogo kama sindano kwa kukaanga na sukari na ufuta, wa kati kwa kitoweo, wakubwa kwa kuchemshia supu. Hakuna punje ya mchanga. Kila lundo lina kibao kinachosema walikotoka. Na pembeni, kwenye maboksi mazuri kama ya saa za mkononi, dagaa wamelazwa wote wakitazama upande mmoja. Nikauliza kwa simu ile ya kutafsiri, haya maboksi ni ya nini? Akaniambia ni zawadi. Sikukuu zao kubwa mbili, Seollal na Chuseok, watu wanapelekeana dagaa. Unampelekea mkwe. Unampelekea bosi! Wapo dagaa wa Namhae, wanaovuliwa kwa mitego ya mianzi ya tangu enzi za mababu, ambao bei yao ni ya kutia kizunguzungu.

Boksi nililolinunua, tena la kawaida, lilikuwa won elfu thelathini. Wakati ule won elfu moja ilikuwa kama shilingi elfu mbili. Piga hesabu. Shilingi elfu sitini kwa dagaa wasiofika nusu kilo.

Nikatoa simu nikamwonyesha yule mama picha ya mama yangu, kainama kwenye mkeka wa dagaa, kanga kiunoni, ziwa nyuma yake. Aliichukua simu kwa mikono miwili. Akaikuza picha. Akamwita jirani yake, wakazungumza kwa kasi, wakacheka, lakini si kicheko cha kule chumbani chuoni. Akaonyesha kidole kwenye mchanga akatikisa kichwa: hapana. Akaonyesha jua, akanyanyua dole gumba. Kisha akaniambia kwa mikono na kwa simu kwamba wao dagaa wanachemshwa kwenye maji ya chumvi mara tu wanapovuliwa, mara nyingi huko huko baharini, ndipo wanakaushwa. Nilipolipa akachota konzi moja ya dagaa akaniongezea. Nyongeza, kama Kibirizi. Nikamshukuru kwa kuinama. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za upande wa maji, nikamkumbuka mama lishe wa pale getini na mfuko wangu. Sitaficha, nililia kidogo.

Mchana nilipanda hadi Gamcheon. Ni mtaa ulio kwenye mteremko mkali, vijumba vimebebana kama viti vya uwanja wa mpira. Wakati wa vita Busan ilikuwa makao makuu ya muda ya serikali, na wakimbizi walimiminika mpaka milimani. Gamcheon ni moja ya sehemu walizojenga maskini hao. Mwaka 2009 mtaa ulianza kupakwa rangi na kuwekewa kazi za sanaa, na leo watalii wanapanga foleni kupiga picha. Dada aliyeniuzia chai pale aliniambia bibi yake alikuja kwa miguu kutoka kaskazini, na alilisema hilo kama mtu anayetaja shahada aliyosoma. Nikafikiria mkoa wangu. Nyarugusu imekuwepo tangu 1996, kambi yenye watu wa kutosha kuitwa mji. Sisi tukitajiwa wakimbizi tunaruka haraka kusema "mimi simo, mimi ni Mtanzania halisi". Nimelisema hilo mara ngapi mimi mwenyewe?

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Kuna wimbo wa wanasiasa na wachumi wetu: miaka ya 1960 Korea na Tanzania tulikuwa tunalingana kwa umaskini, tazameni wenzenu walipofika. Wimbo huo umenichosha. Unaimbwa ili tuone aibu, na aibu tunayo ya kutosha. Aibu ndiyo iliyompa mama lishe mfuko wangu wa dagaa. Nilichokiona Busan ni kwamba Wakorea hawakungoja watajirike kwanza ndipo wapende cha kwao. Waliendelea kula cha kwao, wakakisafisha, wakakipanga, wakakipa jina la mahali kilikotoka, wakakisimulia. Na hawakuacha mambo hayo yatokee kwa bahati. Mwaka 1999, baada ya kupigwa vibaya na mtikisiko wa uchumi, walitunga sheria maalumu ya kukuza biashara ya utamaduni, filamu, muziki na kadhalika. Jumong hakufika Ujiji kwa miguu yake.

Utasema sisi hatuna cha kusimulia. Nakukumbusha mwaka 2012. Mwaka ule Psy alitoa wimbo kuhusu Gangnam, wilaya moja tu ya Seoul, na kabla mwaka haujaisha video yake ikawa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Mwaka ule ule wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond, Mwasiti na Linex, waliungana wakatoa Leka Dutigite. Kwa Kiha maana yake ni acha tujidai. Tuliucheza kwenye kila harusi. Mimi nilikuwa kijana mdogo na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia mtu akiwa Dar anasema kwa sauti kwamba anatoka Kigoma. Wimbo ulipopoa, tukarudi kunong'ona.

Angalia tulichonacho mkononi. Jina "dagaa wa Kigoma" tayari ni biashara. Nenda soko lolote la Dar, muuzaji akitaka kupandisha bei anasema "hawa wa Kigoma", hata kama hawajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Jina letu linawalipa watu wengine. Sisi tunajaza salfeti, tunafunga na kamba, tunapakia. Mchanga humo humo. Anayewachambua, anayewapanga na kuwafunga ndiye anayekula faida, na anafanya hivyo kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwa aliyewaanika. Wataalamu wa uvuvi wamehimiza chanja miaka na miaka, na chanja zipo baadhi ya mialo, lakini akina mama wengi bado wako mchangani kwa sababu chanja ni mtaji. Hapo ndipo halmashauri, mabenki na sisi watoto tuliosomeshwa kwa dagaa tungetakiwa kuonekana. Chanja, maji ya chumvi, mzani, kifungashio chenye jina la mwalo. Havihitaji mtambo wa nyuklia.

Nisije nikaeleweka vibaya. Korea si pepo. Watoto wao wanasoma hadi usiku wa manane kwa hofu ya mtihani mmoja, na kiwango cha uzazi mwaka 2023 kilikuwa 0.72, miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Vijana niliozungumza nao walikuwa wamechoka. Na mara mbili tatu nilikaa kwenye treni iliyojaa, kiti cha pembeni yangu kikabaki wazi kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Nao wana "wewe si wa hapa" yao.

Vilevile kujidai bila samaki ni kelele. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu ile mama aliuza mawese kwa chupa, na ilikuwa miezi mirefu nyumbani kwetu. Lakini hajawahi kuulaani ule mpango. Anasema alipokuwa msichana ndoo ilijaa kwa mtumbwi mmoja. Kama tunavua wachache, basi kila mmoja awe na bei. Ukiuza kwa salfeti unahitaji wengi. Ukiuza kwa boksi unaweza kuliacha ziwa lipumue.

Na sisi waandishi tusikae pembeni tukinyooshea wengine vidole. Niliporudi nilifungua faili la habari zangu za Kigoma. Wakimbizi, silaha zilizokamatwa, kipindupindu, wahamiaji haramu. Zote za kweli, naweza kuzitetea moja moja. Lakini hakuna hata moja ambayo ingemfanya mtoto wa Katonga asimame darasani Dar aseme anakotoka. Ile picha ya Kigoma waliyokuwa nayo wenzangu chumbani, kuna mtu aliichora. Sasa na mimi nashika kalamu ile ile.

Nilikwenda Ujiji likizo ya Desemba na lile boksi. Nikamwamkia mama, nikampa kwa mikono miwili. Aliligeuza geuza akidhani ni saa. Alipofungua alicheka: "Umetoka ng'ambo yote hiyo kuniletea dagaa, mwanangu?" Akamtafuna mmoja taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Wasafi. Wana chumvi. Wetu watamu zaidi." Kisha akauliza bei. Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, akaliweka boksi juu ya kabati, pembeni ya picha yangu ya mahafali.

Usiku ule tukila mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, nikamwambia habari ya mfuko wa mwaka wa kwanza na yule mama lishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Alichosema ni hiki tu: "Huyo mama lishe aliwapika vizuri?" Nikasema sijui, mama. Akasema, "Basi ukirudi Dar mtafute, umuulize."

Nimerudi Dar. Safari hii nilikuja na mfuko mkubwa, na nikapanda nao basi la abiria mchana kweupe. Mtu wa kiti cha nyuma akauliza, nani kabeba dagaa? Nikageuka nikamjibu: mimi, ni wa Kigoma, unataka kilo ngapi?

Leka dutigite. Karibuni Kigoma.